Jibu: Kwa nini fangasi wa kucha hutofautiana kati ya eneo na eneo

Ndugu, umeuliza kwa nini watu wa eneo moja husumbuliwa zaidi na fangasi wa kucha za miguu, na wa kwingine za mikono, ilhali ugonjwa unaitwa uleule. Jina ni moja, vimelea ni vingi.

Anayeongoza karibu kote duniani ni fangasi aitwaye Trichophyton rubrum, anayekula keratini, ile protini inayojenga ukucha. Mara nyingi huanzia katikati ya vidole vya miguu, ngozi ikawasha na kubabuka, kisha akapenya chini ya ukucha. Ndiyo maana hushamiri penye viatu vya kufunika vinavyovaliwa kutwa nzima, mguu ukilowa jasho. Kwenye joto na unyevu mwingi, kandida (fangasi wa jamii ya hamira) na ukungu wa udongoni huwa na nafasi kubwa zaidi. Kandida hupenda mikono inayoshinda majini: wafuaji, waosha vyombo, wapishi. Ngozi ya shina la ukucha ikilegea, mlango umefunguka.

Uzee, kisukari na upungufu wa kinga navyo huchangia.

Ninalokusihi: usimeze dawa kwa kukisia. Takriban nusu tu ya kucha zilizoharibika huwa na fangasi. Nyingine ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi usio wa fangasi, au kuumizwa na kiatu. Kipande cha ukucha kipimwe maabara kwanza, kwa sababu dawa ya terbinafini inayommaliza Trichophyton haimwezi kandida vizuri. Na uvumilie: ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka, hata mwaka na nusu, kuota upya.