Gari Inatetemeka Ikiondoka: Chungulia Kabla ya Kushusha Gia Boksi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikapu ya dizeli, gia za mkono. Napeleka dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, Mwanza, hadi Sengerema kwa pantoni la Kamanga. Nikianza kuachia klachi, gari yote inatetemeka mpaka vioo vya pembeni vinacheza. Nikishaachia mguu wote, inatulia. Rivasi nayo ni hivyohivyo. Asubuhi kuna afadhali, ila nikitoka kwenye foleni ya pantoni ndiyo balaa. Miezi minne iliyopita nilibadilishiwa diski ya klachi peke yake, na sasa naambiwa ninunue klachi nzima. Ninunue? – Dereva wa dagaa, Kirumba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usitoe hela kwanza.

Hapo uliposema inatulia ukishaachia mguu wote, umenirahisishia kazi. Mtetemo wako unazaliwa pale diski inapoteleza kati ya flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, na presha pleti, bamba linaloibana diski, kabla haijabanwa sawasawa. Ingekuwa inatetemeka ukiwa kasi barabarani, ningekutuma kwenye matairi na propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ya gia boksi kwenye matairi.

Anza na vya bure. Weka vigingi kwenye matairi, vuta hendibreki mpaka mwisho, fungua boneti. Mtu akae kwenye usukani, atie gia namba moja, aachie klachi polepole mpaka injini ianze kuvuta, kisha akanyage tena. Wewe simama ubavuni, mbele pasiwe na mtu. Injini kuinama kidogo ni kawaida. Ikiruka na kugonga, mpira unaoishikilia umekatika, ule tunaouita mauntingi, na huo peke yake unatosha kutikisa gari. Tazama na mpira wa gia boksi. Kisha zima gari, ingia chini, shika propela uizungushe huku na huku: krosi, yaani kiungo cha propela, ikiwa na mchezo utausikia mkononi.

Sasa angalia pale injini inapoungana na gia boksi, kwa chini. Pitisha kidole. Kikitoka na mafuta, yanuse. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi tii. Ya gia boksi ni nzito na inanuka karibu na yai viza. Ya kwanza inatoka kwenye sili (mpira wa kuzuia mafuta) ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini, ya pili kwenye sili ya shafti inayoingia klachi. Hili usilipuuze, maana diski yenye mafuta inashika na kuachia, inashika na kuachia, na hata ukifunga mpya leo, sili ikiwa inavuja utaiharibu nayo. Wapo wanaoiosha kwa petroli. Nilishafanya hivyo kijana, nikaianika juani siku nzima, nikaifunga. Wiki haikuisha gari ikarudi inatetemeka, kwa sababu mafuta yalikuwa yameshanyweka ndani, na joto likayatoa upya. Diski iliyolowa mafuta inatupwa.

Ila kwako mimi naitilia shaka flaiwili. Ulibadilisha diski peke yake, na ugonjwa unazidi klachi ikipata moto. Gia boksi ikishuka, safisha uso wa flaiwili uutazame kwenye mwanga wa jua. Ukiona madoa ya bluu, hapo chuma kimeungua kikawa kigumu kuliko sehemu nyingine. Diski ikipita juu yake haishiki kwa usawa. Presha pleti nayo iangaliwe hivyohivyo. Flaiwili ya kawaida inapelekwa kwa mchonga vyuma, inachongwa kidogo uso mzima. Ile ya vipande viwili yenye springi ndani haichongwi namna hiyo; ikichoka inabadilishwa. Ukikuta madoa hayo, basi nunua diski na presha pleti pamoja, na beringi yake, kwa kuwa kazi kubwa ni kushusha na kupandisha gia boksi, na huwezi kuilipia kila baada ya miezi minne. Mwambie fundi grisi kwenye meno ya shafti iwe ya kupakazwa tu. Ikizidi, inarushwa kwenye diski.

Na hiyo foleni ya pantoni. Nimewaona vijana pale kwenye mteremko, gari imejaa magunia, mtu anaizuia isirudi nyuma kwa nusu klachi na resi, dakika nzima, huku anaongea na simu. Klachi inachemka palepale. Vuta hendibreki, weka free, pumzisha mguu. Ukiitwa ndipo uondoke, na ukishaanza kuachia usikae katikati.

Ukishafungua, nitumie picha ya uso wa flaiwili kabla hawajaugusa kwa msasa, uniambie na kidole kilitoka na mafuta gani.