Maswali ya Wasomaji: Matairi Yasiyolingana kwenye Gari la Magurudumu Yote Manne

SWALI: Ninaishi Kondele, Kisumu, na ninaendesha Subaru Forester ya mwaka wa 2009 yenye gia za otomatiki. Matairi ya nyuma yalipoisha, muuzaji mmoja aliniuzia rimu mbili za inchi 16 zikiwa na matairi mapya ya 215/65R16, akanihakikishia kwamba Forester kama yangu hutumia saizi hiyo pia. Mbele niliacha yale ya zamani ya 225/55R17, ambayo meno yake yamelika nusu. Sasa ninapokata kona kali nikiegesha, gari linajikaza kana kwamba breki ya mkono imevutwa, na nikirudi kutoka Kericho ninasikia harufu ya mafuta yaliyoungua. Fundi anasema giaboksi imekufa na sharti ninunue nyingine. Je, matairi yanaweza kusababisha haya?

JIBU: Yanaweza, na ninakusihi usinunue giaboksi kabla ya kuyabadilisha.

Muuzaji hakukudanganya kuhusu saizi, kwa kuwa Forester za miaka hiyo zilitoka kiwandani ama na 215/65R16 ama na 225/55R17, kulingana na toleo. Jambo ambalo hakukueleza ni kwamba gari moja huvaa saizi moja tu kwa magurudumu yote manne. Tusome nambari zenyewe. Katika 225/55R17, 225 ni upana wa tairi kwa milimita, 55 ni kimo cha ubavu wake kikiwa asilimia ya upana huo, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi lako la nyuma lina kipenyo cha milimita 686 hivi, na la mbele lilikuwa na 679 lilipokuwa jipya. Tofauti hiyo ingeonekana ndogo, lakini meno ya tairi jipya huwa na kina cha takriban milimita 8, na yakilika nusu, kipenyo kizima hupungua milimita 8 nyingine. Kwa hiyo mzingo wa tairi lako la mbele sasa ni takriban milimita 2,109, ilhali wa nyuma ni 2,155. Subaru huwashauri wenye magari yake kwamba tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, yaani milimita 6.4. Wewe una milimita 46.

Kwa hesabu hiyo, magurudumu ya mbele hupiga karibu mizunguko 10 zaidi ya yale ya nyuma katika kila kilomita, na kutoka Kisumu hadi Kericho, mwendo wa kilomita 80 hivi, yanapata mizunguko 800 hivi ya ziada. Gari linalosukumwa na magurudumu mawili tu lisingeumia hivyo, kwa kuwa mbele na nyuma hazikuunganishwa. Katika Forester yako ya otomatiki, nguvu huenda mbele moja kwa moja, na ile ya nyuma hupitia klachi yenye sahani nyingi zilizozama katika mafuta, kwenye mkia wa giaboksi. Sahani hizo zimekusudiwa kuteleza kidogo na kwa muda mfupi, gari linapokata kona au gurudumu moja linapokosa mshiko kwenye matope. Kwa matairi uliyo nayo zinasuguana hata barabara ikiwa imenyooka, tena shafti inayopeleka nguvu nyuma huzunguka zaidi ya mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, hivyo tofauti inayozifikia sahani ni kubwa kuliko ile unayoipima kwenye matairi. Mafuta huchemka na kuharibika, sahani huanza kushikana, na ndipo gari hukataa kona. Harufu unayoisikia huenda ikawa ni ya mafuta hayo.

Acha safari ndefu kwanza, kisha utafute matairi manne ya saizi moja, chapa moja na meno yaliyolika sawasawa. Kama mfuko hauruhusu mapya manne, ni afadhali manne ya mtumba yanayolingana kuliko mawili mapya na mawili mazee. Hapa sina shaka hata kidogo. Ukinunua ya mtumba, soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2319 ina maana kwamba tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Usitegemee macho wala maandishi ya ubavuni peke yake, kwa sababu matairi ya saizi moja kutoka viwanda viwili huweza kutofautiana kwa milimita kadhaa. Chukua uzi wa fundi mwashi, uuzungushe katikati ya meno ya tairi lililojazwa upepo, uukaze bila kuuvuta sana, utie alama pale ncha zinapokutana, kisha uulaze kando ya futi. Rudia kwa matairi yote manne kabla ya kulipa. Milimita 1 tu ya kulika kwa meno hubadilisha mzingo kwa milimita 6 na ushee, kiasi kwamba ruhusa yote ya Subaru inakwisha hapo.

Matairi yakishalingana, mwambie fundi abadilishe mafuta ya giaboksi, halafu uendeshe polepole uwanjani ukikata kona pande zote mbili. Kama kujikaza kumekwisha, shukuru. Kama kunaendelea, kuna kipimo kingine: Subaru nyingi za otomatiki za miaka hiyo zina kishikio cha fyuzi chini ya boneti chenye maandishi FWD, na ukiweka fyuzi hapo, magurudumu ya nyuma huachiliwa. Gari likilegea, klachi bado inaachia. Likibaki limejikaza, sahani zimeshikana au vali inayoziongoza imekwama. Hata hapo, sehemu hiyo hufunguliwa kutoka nyuma bila kuishusha giaboksi nzima, na gharama yake haikaribii ya kununua nyingine. Mwulize fundi wako kama amewahi kuifungua. Kama hajawahi, mtafute aliyewahi.

Baadaye, hamisha matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele kila baada ya kilomita 10,000 hivi, ili yalike pamoja.

SWALI: Mimi niko Njoro, karibu na Nakuru, na nina Hilux yenye mkono wa H2 (magurudumu mawili) na H4 (yote manne). Nimeweka matairi makubwa zaidi nyuma kwa ajili ya mizigo. Je, onyo hili linanihusu?

JIBU: Ukiwa kwenye H2, mbele hakusukumwi, kwa hiyo tofauti kati ya mbele na nyuma haikudhuru, mradi matairi mawili ya ekseli moja yalingane. Ukiingiza H4, shafti ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja bila difu ya katikati, yaani gia zinazoruhusu mbele na nyuma zizunguke kwa kasi tofauti, na matairi yako yatavutana hata unapokwenda moja kwa moja. Kwenye matope mazito magurudumu huteleza na kupunguza mvutano huo, lakini kwenye lami kavu H4 haifai hata kwa matairi yanayolingana. Kwa kuwa mvua zikinyesha utaihitaji H4 mara kwa mara, rudisha saizi moja pande zote, na kama mizigo ndiyo inayokusumbua, chagua matairi ya saizi ileile yenye uwezo mkubwa zaidi wa kubeba uzito. Tairi la akiba nalo liwe la saizi hiyohiyo.