Midoli ya utotoni imerudi madukani: maswali yenu

Tangu niandike hapa kwamba viwanda vya nje vinatoa upya midoli ya mashujaa ya miaka ya themanini, mmeniletea maswali mengi, kutoka hapa Tabora mjini hadi Ujiji. Nimechagua haya.

*Shikamoo. Nilipokuwa mdogo Isevya, marehemu mjomba aliyekuwa mtu wa reli aliniletea mdoli kutoka Dar: mwanamume wa misuli, magoti yamekunjwa kama anataka kuruka, kavaa ngozi kiunoni. Ukimzungusha kiuno ukamwachia, anarudi mwenyewe na ngumi. Sikuwahi kulijua jina lake. Bado anapatikana?*

Marahaba. Huyo ni wa ukoo wa Masters of the Universe, wa kampuni ya Mattel ya Marekani, ulioingia sokoni 1982. Kama nywele zilikuwa za njano, ni He-Man mwenyewe. Kama uso ulikuwa fuvu na mwili wa bluu, ni Skeletor, hasimu wake.

Kutolijua jina si ajabu. Watoto wa Marekani walianza kuiona katuni yake 1983. Sisi Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Mdoli alishuka kwenye treni bila boksi, bila kisa, na kila mtaa ukampa jina lake. Kwetu mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, aliitwa Komandoo na hakuna aliyebisha.

Tangu 2020 Mattel wanatoa mfululizo uitwao Origins. Sura na rangi ni zile zile, kimo karibu sentimita 14, ila viungo vimeongezwa: viwiko na magoti vinakunjika, na unaweza kuchomoa mkono wa huyu ukamvalisha yule. Tatizo ni kwamba ile ngumi ya springi haimo. Nakuambia mapema kwa sababu, kwa jinsi ulivyoeleza, unachokikumbuka hasa ni ngumi. Ikiwa ndivyo, achana na Origins, tafuta mdoli wa zamani uliotumika. Huo nao ukaguliwe miguu: imeshikiliwa na mpira uliofichwa ndani ya nyonga, na mpira wa miaka arobaini huwa umelegea, mdoli hausimami. Mimi ningependelea huo uliolegea. Wengi wa wakusanyaji wangenicheka.

*Kuna jamaa hapa Mwanga, Kigoma, anauza mdoli wa Star Wars ambao haujafunguliwa, uko kwenye kadi yake ya kufungashia yenye nembo ya Kenner. Anasema ni orijino wa 1978 na anataka laki tatu na nusu. Nichukue?*

Usichukue. Bei yenyewe inamuumbua. Mdoli wa 1978 uliobaki kwenye kadi yake huuzwa kwa mamia ya dola, mingine kwa maelfu. Mwenye nao halafu akajua ni nini hauzi kwa laki tatu na nusu. Na kama ni toleo jipya, bei hiyo ni ya wizi: Hasbro, wenye jina la Kenner sasa, walipoanza kutoa marudio yaitwayo Retro Collection mwaka 2019, mdoli mmoja uliuzwa Marekani kwa takriban dola 10.

Kinachowachanganya watu ni hiyo nembo. Kenner ilikuwa kampuni ya Cincinnati, Marekani, ndiyo iliyopewa kibali cha kutengeneza midoli ya filamu ya Star Wars. Filamu ilitoka Mei 1977 ikawa moto kuliko walivyotarajia, midoli haikuwa tayari, hivyo Krismasi ile wakauza boksi lenye cheti badala ya midoli: mzazi analipa leo, mtoto anapata midoli mwakani! Mwaka 1987 Kenner ilinunuliwa na Tonka, na 1991 Tonka ikanunuliwa na Hasbro. Kwa hiyo Hasbro wana haki kamili ya kuichapa nembo ya Kenner kwenye kadi mpya, na si ufekishaji. Ufekishaji ni maneno ya jamaa yako.

Geuza kadi usome maandishi madogo. Ukikuta jina la Hasbro au anwani ya tovuti, hiyo kadi si ya 1978. Mwaka uliogongwa mwilini mwa mdoli usikubabaishe pia. Huo ni mwaka wa hakimiliki, na kiwanda kinaweza kuendelea kuutumia miaka mingi baadaye. Halafu jiulize jambo dogo: 1978 tulikuwa tunaelekea vitani na Idi Amin, ni nani aliyeuleta huo mdoli Kigoma na kuuacha bila kuufungua?

*Nikinunua matoleo mapya kumi leo nikayaficha, nitapata faida baada ya miaka kumi?*

Hapana. Kiwanda kilichorudia mara moja kitarudia tena. Nunua viazi.

*Mdoli wangu wa zamani umeanza kunata mikononi kama umepakwa asali, na sehemu nyeupe zimekuwa njano. Nimeusugua kwa petroli, haujapona. (Cheyo)*

Acha petroli, itakula rangi, na hata plastiki yenyewe. Plastiki laini ya PVC hutiwa kemikali ya kuilainisha, na kadiri miaka inavyopita kemikali hiyo hutoka nje, ndiyo inayonata. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kausha kwa kitambaa, kisha uache mahali penye hewa. Ukiufungia kwenye mfuko wa nailoni utanata upya haraka. Utarudia kuosha, hilo likubali.

Unjano ni kazi ya jua na joto. Wapo wanaoupausha kwa dawa ya nywele yenye peroksaidi, lakini unjano huweza kurudi, na ukikosea mdoli unatoka na mabaka. Usiuweke darini. Chini ya bati la Tabora mwezi wa Oktoba hata mtu hakai. Chini ya kitanda ni bora, kwenye kontena la plastiki lenye matundu, lisiguse ukuta, maana mchwa wa huku hawajui kadi ipi ni adimu. Na toa betri kwenye kitu chochote chenye betri, leo.

*Mwanajeshi wangu amekatika kiuno, miguu huku, kifua kule. Ana skrubu mgongoni. Ni wa kutupa? (Urambo)*

Hajafa. Huyo ni G.I. Joe wa kimo cha inchi 3 na robo tatu, aina iliyoanza 1982. Kama alitoka kwenye mitumba ya Uingereza, huenda kule alijulikana kama Action Force. Ndani yake mna oringi moja ya mpira inayounganisha kifua na ndoano ya chuma ya miguu, na hiyo ndiyo iliyokatika. Fungua skrubu taratibu, nenda naye kwa fundi pikipiki, mjaribu oringi mpaka mpate inayomvuta bila kumkaba. Ni kazi ya dakika chache na pesa ya maandazi. Usimlazimishe kushika bunduki: vidole gumba vyake huvunjika kirahisi, na gumba halina spea.

Hasbro wameshatoa upya baadhi ya hawa kwa muundo ule ule wa oringi. Lakini wewe tayari unaye.

*Mume wangu ana miaka 47, ananunua midoli na kumkataza mtoto wetu wa miaka miwili kuigusa. Ni haki? (Kanyenye)*

Mama, kwa huyo mdogo baba yupo sahihi. Panga na bastola za midoli hii humezeka, na maboksi mengi huonya kuhusu watoto wa chini ya miaka mitatu. Akifika sita, saba, nitakuwa upande wako: anunue miwili, mmoja ubaki kwenye kadi kama anavyotaka, mwingine ufunguliwe siku hiyo hiyo mbele ya mtoto.

*Niagizeje mpaka Kasulu bila kuumia?*

Agiza iliyokwisha kufunguliwa. Kadi ndiyo inayolifanya boksi liwe kubwa, na ukubwa ndio unaopandisha nauli. Jiungeni wawili watatu mzigo uje mmoja mpaka Dar, kisha upande basi. Kumbuka kuna ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 18 haihesabiwi kwenye bei ya mdoli peke yake, bali bei pamoja na nauli, bima na ushuru wenyewe. Mdoli wa dola 10 uliosafirishwa kwa dola 30 unatozwa kama wa dola 40 na zaidi. Piga hesabu kwanza ndipo ubonyeze kulipa, na risiti ya muuzaji iandikwe bei ya kweli.