Usingizi wa Dereva Hupangwa Kabla Injini Haijawashwa

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza dereva mpya wa lori afanye nini ili apate usingizi wa kutosha, ilhali leo anaondoka asubuhi, kesho anaondoka usiku, na keshokutwa anashinda akisubiri kupakia bila kujua ataitwa saa ngapi. Nimeendesha malori ya safari ndefu kwa miaka mingi, na sasa kazi yangu ni kukaa kando ya madereva wanaoanza hadi waweze kuachiwa gari peke yao, hivyo swali hili nalisikia mara kwa mara. Jibu langu ni kwamba ratiba ya kazi inaweza kuyumba, lakini sehemu moja ya usingizi haipaswi kuyumba nayo, na sehemu hiyo ni lazima ipangwe kabla ya safari, kwa sababu usingizi uliokosekana haulipiki mtu akiwa ameshika usukani.

Sababu yake imo mwilini. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya fahamu ya macho inapopishana, kuna kikundi kidogo cha seli kinachoongoza saa ya mwili. Saa hiyo hukamilisha mzunguko wake kwa takriban saa 24, na ndiyo inayoamua joto la mwili lishuke lini na homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kulala, itolewe lini. Kinachoirekebisha zaidi ni mwanga unaoingia machoni, tena huirekebisha polepole, kwa makadirio ya saa moja hivi kwa siku. Dereva aliyehamishwa ghafla kutoka safari za mchana kwenda za usiku atakuwa hajafika hata nusu ya mabadiliko hayo wakati anaporudishwa mchana. Ndiyo maana dereva mpya aliyeendesha usiku kucha hujilaza saa 3 asubuhi akiwa hoi, akazinduka saa 6 mchana macho makavu, akadhani ana maradhi. Hana maradhi yoyote. Uchovu wake ulimlaza na saa ya mwili wake ikamwamsha, kwa kuwa kwa hesabu ya saa hiyo mchana ni wakati wa kuwa macho.

Kwa hiyo simshauri dereva mpya ajigeuze mtu wa usiku wiki hii na mtu wa mchana wiki ijayo. Namshauri achague saa nne katika mzunguko wa siku ambazo atalala kila siku, awe safarini au nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wawili wa Uingereza, Minors na Waterhouse, walifanya majaribio ambayo watu walilala saa nne kwa wakati ule ule kila siku, kisha wakapewa saa nne nyingine kwa nyakati zisizo na mpangilio, na ikaonekana kwamba zile saa nne za kudumu ziliweza kuushikilia mdundo wa mwili usipotee. Usingizi huo waliuita wa nanga, na tangu nilipoelewa hoja yao nimekuwa nikiifundisha kabla ya jambo lingine lolote linalohusu kulala.

Namna ya kuzichagua saa hizo ni kutazama safari za wiki mbili au tatu zilizopita na kutafuta ni saa zipi ambazo dereva amekuwa barabarani kwa nadra. Tuchukue dereva ambaye safari zake za mchana huanza saa 4 asubuhi na za usiku humfikisha saa 10 alfajiri. Saa zake za nanga zinaweza kuwa kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 3 asubuhi. Siku ya safari ya mchana atalala tangu saa 7 usiku, aamke saa 3 asubuhi, na saa zake nane zitakuwa zimetimia kwa mkupuo mmoja. Akitoka safari ya usiku atalala zile saa nne, kisha ataongeza nyingine alasiri kabla ya kuondoka tena. Usingizi huo uliogawanyika si mzuri kama wa mfululizo, lakini ni bora mara nyingi kuliko kulala popote na wakati wowote. Kuna ratiba ambazo hazikubali mpango huu hata kidogo, na kwa mwenye ratiba ya namna hiyo kinachobaki ni lile la kulala kabla ya kuondoka, ambalo halina udhuru.

Hapo ndipo ninapowaona wageni wengi wakiteleza, kwa kuwa hesabu yenyewe haionekani mpaka uiandike. Dereva anaamka saa 12 asubuhi kama kawaida yake, anashughulika nyumbani mchana kutwa, na saa 4 usiku anaondoka akijiona mzima. Saa 5 usiku, yaani saa moja tu baada ya kuondoka, anatimiza saa 17 tangu aamke. Mwaka 1997, watafiti Dawson na Reid walichapisha katika jarida la Nature matokeo yanayoonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa uwezo wa kutenda kwa kiwango kinacholingana na cha mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, na aliyekesha saa 24 hulingana na mwenye asilimia 0.10. Dereva wetu itamfikia saa 11 alfajiri akiwa na saa 23 za kukaa macho, na atakuwa ndani ya kipindi cha saa 8 usiku hadi saa 12 alfajiri, ambacho ndicho kigumu kuliko vyote kwa saa ya mwili. Angelala dakika 90 kati ya saa 8 na saa 10 alasiri, wakati ambapo mwili wenyewe hulegea, safari hiyo ingekuwa nyingine kabisa. Familia inapaswa kuelezwa kwamba usingizi huo wa alasiri ni sehemu ya kazi, ili mtu asiamshwe kwa shughuli inayoweza kungoja.

Saa za kusubiri kupakia au kushusha mzigo nazo zinahitaji uangalifu, maana hupotea kwenye simu na mazungumzo. Sheria za uendeshaji hazimlindi dereva na hilo. Kanuni za Umoja wa Ulaya huweka kikomo cha kawaida cha saa 9 za kuendesha kwa siku, pamoja na mapumziko ya dakika 45 baada ya saa nne na nusu. Marekani huruhusu dereva wa mizigo saa 11 za kuendesha ndani ya kipindi cha saa 14, baada ya mapumziko ya saa 10 mfululizo. Kanuni hizo ni nzuri na zifuatwe, lakini zinahesabu saa za usukani na za mapumziko. Hakuna kifaa cha kumbukumbu za safari kinachojua kama mtu alilala kweli. Ukifika ghalani ukaambiwa usubiri, acha namba yako ya simu kwa msimamizi, mwombe akugongee mlango wa kabini zamu yako ikifika, kisha vuta mapazia ulale.

Kabini yenyewe ina mambo yake. Iwe na giza kamili, kwa pazia nzito au kitambaa cha macho, na iwe na ubaridi kidogo. Usiegeshe jirani na tela la jokofu, kwa sababu mashine yake huwaka na kuzima usiku kucha, na wala usiegeshe karibu na njia ya kuingilia kituoni. Anayemaliza safari asubuhi na kwenda kulala avae miwani ya jua anapotembea nje, ili mwanga usiiambie saa ya mwili kwamba siku imeanza.

Pamoja na maandalizi hayo yote, usingizi utamjia dereva njiani siku moja, na hapo nataka anielewe bila shaka yoyote. Kushusha kioo, kupandisha sauti ya redio na kujipiga makofi usoni havimwondoi mtu usingizini. Vinamchangamsha kwa dakika chache tu. Ukigundua kwamba hukumbuki kilomita chache zilizopita, au tairi limegusa mstari wa pembeni, umekwisha kuchelewa kusimama. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kusinzia kwa sekunde nne ni karibu mita 90 za lori lisilo na dereva. Tafuta mahali salama, kunywa kikombe cha kahawa, lala hapo hapo dakika 15 hadi 20. Kafeini, yaani kichangamshi kilichomo kwenye kahawa, huchukua takriban dakika 20 hadi 30 kuanza kufanya kazi, kwa hiyo unaamka wakati inapoanza kukusaidia. Kisha tembea kuzunguka gari dakika kumi au zaidi kabla ya kuondoka, mpaka uzito wa kuamka ukutoke kichwani. Kumbuka pia kwamba nusu ya kafeini hiyo inaweza kubaki mwilini saa tano baadaye, basi usiinywe karibu na saa zako za nanga. Vidonge vya kukesha usiviguse, na dawa za mafua na mzio uulize kwanza kwa mfamasia, kwa sababu nyingi kati yake huleta usingizi.

Dereva anayelala saa za kutosha na bado anaamka amechoka, hasa akiambiwa kwamba anakoroma sana na pumzi inamkatika usingizini, amwone daktari. Tatizo hilo la kukatika kwa pumzi hupimwa na hutibiwa.

Limebaki la ofisi. Vijana wengi huogopa kwamba wakikataa safari ya ghafla wataonekana wavivu. Mimi huwafundisha wampe mpangaji wa safari hesabu, wala wasimpe lawama: nimeamka saa fulani, safari hii itanikuta macho kwa saa kadhaa, naweza kuondoka baada ya kulala saa nne, mzigo utafika saa fulani. Mpangaji akipewa saa ya kufika anaweza kumpigia mwenye mzigo na kupanga upya. Neno hilo lisemwe mapema, mara tu dereva anapopokea ujumbe wa safari.

Msomaji wenu, mkufunzi wa madereva wa malori