Binti wa miaka 13 na skauti: anzia shuleni

Dada, umeuliza binti yako wa miaka 13 atajiunga vipi na skauti hapa Nairobi, na kama wewe pia unaweza kujitolea. Nafasi mnayo wote wawili. Anzia shuleni kwake. Kwa umri huo ataingia Chipukizi, yaani kundi la skauti wa rika lake. Kama shule haina kikundi, fika kambi ya skauti ya Rowallan, Jamhuri, uulize. Usikimbilie kununua skafu: huvalishwa siku ya kuapishwa, na mtoto huithamini zaidi akiingoja. Wewe unayetaka kujitolea, kachukue cheti cha tabia njema cha polisi hata kabla hujaulizwa, maana watoto wa watu si wa kuchezewa. Na kabla ya kambi yoyote, muulize kiongozi ni nani atalala karibu na hema za wasichana. Akibabaika, tafuta kikundi kingine.