Usiipeleke Posa Kabla Hujasema

Mwanangu wa Tanga,

Barua yako nimeisoma kwa utulivu, na nimekuonea huruma. Rafiki yako uliyesoma naye tangu madrasa amekuomba uwe mshenga wake kwa binti ambaye wewe mwenyewe unampenda, na unayehisi kwamba naye anakupenda, ingawa hamjawahi kutamkiana lolote. Umeazimia kunyamaza na kuipeleka posa, kama alivyojitolea Gopal katika Sangam, filamu ya Kihindi ambayo marehemu baba yako aliipenda mno.

Kwa kuwa umeifanya kielelezo chako, tuitazame hadi mwisho. Raj Kapoor, aliyeiongoza mwaka 1964 na kuigiza mwenyewe kama Sundar, hakutuonyesha ukimya uliookoa urafiki. Gopal na Radha wanapendana, lakini Gopal anampisha Sundar kwa sababu ni rafiki yake. Na hata Sundar anaporejea hai kutoka jeshi la anga, baada ya wote kumdhania amekufa, Gopal anampisha tena. Baada ya ndoa Sundar anaiona barua ya mapenzi isiyo na jina la mwandishi, na tangu hapo nyumba inakosa amani: mume anamhoji mkewe, mke hawezi kusema kweli wala uongo, na Gopal anaishia kujiua kwa bastola ya rafiki yake. Anayeniumiza zaidi ni Radha, ambaye marafiki wawili wanapeana kama kanga ya zawadi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukatae ushenga sasa, kabla barua ya posa haijaandikwa. Unajua kwamba dini yetu inamkataza mtu kuposa juu ya posa ya nduguye. Leo bado una nafasi ya kusema bila kumdhulumu yeyote, lakini posa ikishakubaliwa, mlango huo umefungwa na hutakuwa na haki ya kuugonga. Mwendee rafiki yako mkiwa wawili tu, si barazani mbele ya wenzenu wala kwa ujumbe wa simu, umwambie: “Nisamehe, ushenga huu siuwezi, kwa maana huyo binti nami nampenda, na sikutaka uje kulijua hilo kwa mtu mwingine.” Usimtake ajiondoe. Huenda akakasirika, pengine kwa miezi. Mwache akasirike, wala usianze kumtumia watu wa kumbembeleza.

Kisha binti aulizwe. Shangazi yake au somo yake anaweza kumsikiliza faraghani, bila wewe wala mwenzako kuwapo, na atakalosema mlipokee nyote wawili. Huenda asiwatake nyote.

Akimchagua rafiki yako utaumia, na usijilazimishe kuwa msimamizi wa harusi ili kumthibitishia mtu ujasiri wako. Hudhuria nikahi, mpe mkono, umtakie heri, kisha ujipe muda kabla ya kuanza kuingia nyumbani kwao.

Shangazi yako