Jibu: Idadi ya makala si kipimo cha mtafiti wa saratani

Mkuu, umeuliza kama mtafiti wa saratani apimwe kwa wingi wa makala. Mimi nisingehesabu. Mtazame Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 alichapisha makala kuhusu uvimbe wa saratani kwenye taya za watoto. Wachache sana waliishtukia. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu, wakazunguka hospitali hadi kusini mwa Afrika, kama kilomita 16,000, wakiuliza tu: huku uvimbe huu mnauona? (Utafiti wa bei poa kweli!) Ramani ya walikoukuta uvimbe huo ikafuata joto na mvua, ikakaribiana na ya malaria. Anthony Epstein, mtafiti wa huko Uingereza, alimsikia Burkitt akihutubia London, na 1964 timu yake ikaripoti kirusi ndani ya seli za uvimbe uleule.